Bi Kanga na Chemchemi ya Kusini

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kivivu, hata nyinyi wakubwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, katika bonde la kusini, palikuwa na chemchemi. Maji yake baridi, maji yake safi. Mtawala wa bonde alikuwa Pofu, yule mnyama mkubwa wa ukoo wa Swala, na Pofu alikuwa na rangi ya mchanga. Akatoa amri: "Wenye rangi ya mchanga watakunywa juu, chemchemini. Weusi watakunywa chini, kwenye tope."

Basi Swala akanywa juu. Nyati akanywa chini. Ngiri na Mbega wakanywa chini. Bi Kanga, mweusi wa manyoya, naye akanywa chini na vifaranga wake. Fisi akawekwa mlinzi.

Siku moja kifaranga mmoja akaanza kuharisha. Tope lilikuwa limemwingia tumboni. Akafa. Bi Kanga akamzika, akalia. Kisha akaenda kwa Nyati.

"Hodi, kaka Nyati."

"Karibu, dada. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Twende tukanywe juu."

Nyati akatikisa kichwa. "Tutapigwa, dada."

"Na huku chini tunakufa. Kipi afadhali?"

Nyati akageuka, akaenda zake. Bi Kanga akaenda kwa Ngiri. Akaenda kwa Mbega. Shimo kwa shimo, mti kwa mti. Huyu akakataa, yule akasema atafikiri. Kesho akarudi. Kesho kutwa akarudi tena. Mpaka wakachoka kumkatalia.

Wakaenda. Hawakubeba jiwe, hawakuinua pembe. Wakalala kandokando ya chemchemi, wakaimba:

"Maji ni ya mvua, mvua haina rangi!
Tumekuja kunywa, hapa hatubanduki!"

Fisi akawarukia. Pa! Ngiri akavunjika jino. Puu! Mbega akaanguka. Wakaburutwa hadi topeni. Kesho wakarudi. Wakapigwa. Wakarudi.

Sasa, kila msimu Ngiri ndiye aliyezoa mchanga chemchemini. Akasema, "Mimi sizoi tena." Mchanga ukajaa. Maji yakapungua. Swala naye akaonja kiu. Akalitazama lile jino la Ngiri, akaona haya. Akaja, akalala kando yake.

Pofu akamwita Bi Kanga pembeni. "Wewe na wanao mtakunywa juu. Achana na wenzako."

Bi Kanga alikuwa na kiu. Vifaranga wake walikuwa na kiu zaidi. Akayatazama maji. Akameza mate.

"Na Nyati je?"

"Nyati hayumo."

"Basi na mimi simo."

Akarudi kwa wenzake, akalala.

Jua likawaka. Maji yakabaki kidogo tu. Watoto wa Pofu wakalia kiu. Pofu akatoka, akaona nusu ya bonde imelala mbele yake, na wengine wanakuja. Akamwambia Fisi, "Ondoka hapo." Kisha akasema, polepole, "Nyweni. Nyote."

Ngiri akazoa mchanga, chaka! chaka! Maji yakapanda. Nyati akainama, akanywa mpaka masikio yakalowa.

Wako walioapa kwamba hawanywi pamoja na weusi, wakahama bonde. Maji hayakuwajali. Waliobaki wakazoeana.

Funzo ni hili, wanangu, na nyinyi wakubwa: haki akipewa mmoja ili awasahau wenzake, hiyo si haki, ni hongo. Usiipokee. Simameni pamoja mpaka wapate wote.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye yake na ajitwike.