Pamba Iliyoruka Nje ya Shuka

Wamepokezana waliotutangulia, kinywa kwa kinywa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji mmoja mdogo wa milima ya Khurasani aliishi mja mwema aitwaye Wahbu bin Muhrizi, ambaye kazi yake ilikuwa kufumua pamba. Kazi hiyo haijulikani sana kwetu, kwa sababu baridi yetu ni ya kipupwe: mtu hujitanda kanga mbili, akanywa tangawizi, na asubuhi jua likamtoa nje. Baridi ya milima ile ilikuwa jambo jingine. Maji yaliganda mtungini, theluji ikaziba milango, na nyumba isiyojiandaa kabla ya majani kupukutika ilikuwa imejiandalia msiba.

Basi kila mwaka, upepo wa kwanza ulipoanza kushuka kutoka mlimani, watu walimwita mfumuaji pamba. Mifarishi yao, yale mablanketi mazito yaliyojazwa pamba, ilikuwa imelaliwa msimu mzima, pamba ya ndani ikagandamana na kuwa ngumu kama mkate wa juzi. Wahbu alikuja na upinde wake mkubwa wa mti, wenye uzi wa utumbo wa kondoo. Alitandika shuka uani, akaufumua mfarishi, akaimwaga pamba juu ya shuka, kisha akawa anaupiga ule uzi kwa nyundo ya mti hadi pamba ikainuka, nyepesi kama povu la maziwa. Mlio wa upinde ulisikika mtaa mzima, na akina mama waliousikia waliambiana, "Haya, baridi imepiga hodi, tuanike vitunguu." Palikuwa na utulivu katika mambo ya watu wale. Kila jambo lilikuwa na wakati wake, na kila wakati ulikuwa na sauti yake.

Na desturi ilikuwa moja, wala hakuna aliyemjua aliyeiweka: pamba iliyobaki juu ya shuka ni ya mwenye nyumba, na ile iliyoruka ikaanguka nje ya shuka ni haki ya mfumuaji. Ilikuwa kidogo sana. Wahbu aliikusanya guniani, na mwisho wa msimu aliwagawia wajane, wakaitia kwenye mito au wakasokota tambi za taa.

Mwaka tunaouzungumzia, nyumba ya Wahbu ilikuwa na upungufu. Mwishoni mwa baridi iliyotangulia, kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye seredani likauteketeza mfarishi wao mkubwa. Mfarishi huo ndio uliokuwa roho ya nyumba, kwani watu wa nchi ile waliweka seredani la makaa chini ya meza fupi, wakatandaza mfarishi juu ya meza, na jamaa wote wakaketi kuizunguka, miguu na magoti yao ndani ya joto. Hapo walikula, hapo walisoma nyiradi, na hapo wazee walilala. Na pamba mwaka ule ilikuwa ghali, kwa kuwa nzige walipita mabondeni. Tena ndani ya nyumba alikuwamo mama yake Wahbu, Bi Rumaitha, mkongwe mwenye kifua kibovu, ambaye baridi iliyopita nusura imchukue.

Mkewe Wahbu, Bi Jumana, alikuwa mwanamke wa tadbiri. Kheri hakuingoja imjie, aliiendea. Aliomba kwa wauza makaa vumbi lililobaki chini ya magunia, lisilo na mnunuzi, akalikanda kwa udongo na maji, akafinyanga madonge na kuyaanika juani, na madonge hayo yaliungua polepole tangu magharibi hata alfajiri. Alikandika paa kwa udongo uliochanganywa na makapi ya ngano. Nyufa za madirisha aliziziba kwa vitambaa alivyovichovya katika uji mzito. Alianika zabibu na maboga, na matikiti akayaning'iniza darini ndani ya nyavu, kila moja likiwa peke yake ili lisimwozeshe mwenziwe. Hata kokwa za matunda ya mlimani alizikusanya ziwe kuni. Kila kitu kikawa tayari isipokuwa mfarishi.

"Mfarishi usikutie shaka," alimwambia mumewe. "Gunia lako mwaka huu limenona kuliko kondoo wa akika. Wajane watatuwia radhi mara hii moja."

Wahbu akalitazama gunia, akamshukuru Mola wake, na hakuuliza zaidi.

Siku moja alikuwa akifanya kazi uani kwa Bi Durra, mjane mwenye nyumba kubwa na mifarishi mingi. Alipomaliza, bibi yule alisimama nyuma ya mlango akasema, "Mwaka huu mkono wako una nguvu, ewe Wahbu. Zamani pamba yangu ilikuwa ikiamshwa taratibu. Leo imeruka hata ikaupanda mkomamanga wangu. Mungu akuzidishie afya."

Alikuwa akimsifu, wala hakuwa na nia nyingine. Wahbu akageuka. Mkomamanga ulikuwa mweupe matawini, kana kwamba umechanua katika msimu usio wake. Kisha akatazama mahali alipoketi, akaona kwamba yuko ukingoni kabisa mwa shuka, ilhali miaka yote alikuwa akiketi katikati. Akakumbuka nyumba ya jana, na ya juzi, na ya kabla yake. Hakuna siku aliyojiambia, "Leo nitachukua kisicho changu." Lakini mkono ulikuwa umeijua haja ya nyumbani, ukawa unapiga kwa nguvu, na mwili ukawa unausogelea ukingo, na yeye mwenyewe akiwa na shughuli ya kumshukuru Mungu kwa gunia linalojaa.

Aliporudi alimweleza mkewe, na Bi Jumana akaweka chini sindano iliyokuwa mkononi mwake.

"Mume wangu, desturi hukuiweka wewe. Baba yako aliifuata, na babu yako."

"Desturi niliikuta," alisema Wahbu. "Mkono ni wangu."

"Na mama yako je? Naye ulimkuta?"

Bi Rumaitha, aliyedhaniwa amelala pembeni, akasema, "Msinigombanie kama kitoweo, ningali hai. Jumana, binti yangu, umesema kwa kunihurumia, na Mungu hatalipoteza hilo. Ila mimi nikijifunika mfarishi huo nitakuwa nikijiuliza, bega hili limefunikwa na pamba ya nani, na goti hili la nani? Usingizi wa mzee wenyewe ni haba. Msiutie maswali."

Basi Wahbu akaanza kuzunguka nyumba za wote aliowafanyia kazi msimu ule, akiwaeleza na kuwaomba wamhalalishie. Wengi hawakumwelewa, wakamsamehe ili aondoke mlangoni. Wengine walicheka. Bi Durra alisikitika akasema, "Ningelijua sifa zangu zitakuumiza hivi, ningelikutukana." Kila mmoja akatoa radhi yake, akabaki mtu mmoja, naye ni Dirari, muuza makaa.

Wahbu alimkuta dukani, kati ya wateja.

"Umekwisha kuuzunguka mji?" Dirari aliuliza bila kuinua macho.

"Umebaki wewe, ndugu yangu."

"Basi mimi sisamehi. Nataka pamba yangu."

"Nitakulipa thamani yake. Au mwakani nitakufumulia mifarishi yako yote bila ujira."

"Thamani nimekutaka? Nimesema pamba yangu, ile ile. Ni nyeupe, utaitambua."

Watu wakacheka. Wahbu hakucheka, wala hakukasirika. Alisogea karibu akauliza kwa sauti ya chini, "Ewe Dirari, nimekukosea nini kingine zaidi ya pamba?"

Dirari akaacha mizani. "Mwaka juzi uliniona nikiyalowanisha makaa ili yawe mazito, ukanionya. Ulikuwa na haki, na tangu siku ile siyalowanishi. Lakini ulinionya hapa hapa sokoni, watu wakisikiliza, na binti yangu amesimama hapo na chakula changu cha mchana. Ungeliweza kunishika mkono ukanisogeza pembeni."

Wahbu akainamisha kichwa. Siku ile alikuwa ameisahau, na kama angeliikumbuka pengine angeliitia katika mema yake. Akainua sauti ili wote wasikie: "Nilikufedhehesha mbele ya watu, na mbele ya watu naomba unisamehe."

"Nimekusikia," akasema Dirari, akarudi kwenye mizani yake. Radhi hakuitoa.

Theluji ikaanguka. Wahbu alilifunga gunia kwa kamba akalining'iniza kwenye boriti, kwa kuwa sehemu ya Dirari ilikuwa imechanganyika na za wenziwe, na hakujua ni ipi ya kuondoa. Bi Durra alituma shali ya sufu, nayo wakamzungushia mzee kifuani. Bi Jumana alishona matandiko mawili makuukuu, akajaza ndani yake nyasi kavu na majani, akayatandaza juu ya meza ya seredani. Joto lilipenya likatoka kama mgeni mwenye haraka. Kila Bi Rumaitha alipojigeuza, majani yalilia juu yake, naye akasema, "Sasa nimejua wanayoyasikia mbuzi."

Kisha kikohozi kikaanza. Kila kiliposikika, Bi Jumana aliinua macho kwenye boriti. Mwisho akaufunga mkasi wake kitambaani akampa jirani amwekee, kwa kuchelea nafsi yake isije ikaikata kamba ya gunia. Majirani walimwambia Wahbu, "Dini ni nyepesi, usiifanye nzito. Ni mtu mmoja tu asiyeridhia, tena kwa inda." Naye aliwajibu, "Mtu mmoja ana haki kama mia," akamvulia mama yake joho lake, akaketi akisoma nyiradi huku meno yakigongana.

Mjini kote watu walikuwa wakikisia kwamba gunia limekwisha kufunguliwa kwa siri, na Dirari alikuwa mmoja wao. Asubuhi moja alipita na punda wake akipeleka makaa, akaona heri ajionee. Akapiga hodi, akakaribishwa. Bi Jumana akaingia nyuma ya pazia, na Dirari akasimama mlangoni, theluji mabegani. Akaliona gunia juu, na fundo lake halijaguswa. Akamwona mkongwe chini ya majani makavu, na joho la mwanawe juu yake, na mwana mwenyewe amevaa kanzu peke yake.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Rumaitha. "Usinionee haya. Umekuja kuitazama pamba yako? Haijambo."

Dirari akapangusa theluji mabegani. Kisha akamwambia Wahbu, "Mimi sijakusamehe."

"Najua, ndugu yangu."

"Na sitaki udhani kwamba nimekuja kukusamehe."

"Sikudhani."

"Ila pamba yangu inapata baridi humo guniani, nami sipendi iwe hivyo. Ishusheni, mshone mfarishi. Haki yangu naishikilia pale pale. Ilipo pamba yangu, ndipo nitakapoweka miguu yangu."

Bi Jumana hakungoja neno la pili. Kabla ya adhuhuri mkasi ulikuwa umerudi, na kabla ya magharibi mfarishi ulikuwa juu ya meza. Na Dirari akaja kweli, pamoja na mkewe. Wakatundika pazia katikati ya chumba, mfarishi ukapita chini yake, wanaume upande wa mlango na wanawake upande wa ndani, na miguu yote ikiota moto mmoja. Siku ya kwanza Dirari alichungulia seredani, akayaona madonge ya vumbi na udongo, akakunja uso. Yeye muuza makaa aketi kwenye moto wa namna ile? Kesho yake alikuja na kapu la makaa, makavu, yanayolia kama vigae.

Habari zikaenea. Bi Durra akasema kwamba pamba yake iliyoruka ni nyingi kuliko ya Dirari, na kwamba yeye hazuiwi na mtu, akaja na zabibu. Wakafuata wengine waliokuwa wamesamehe milangoni mwao, kila mmoja akisema amekuja kuijulia hali pamba yake, na kila mmoja na kitu mkononi: huyu lozi, yule mkate, mwingine kisa cha mababu zake. Nyumba iliyoingia katika majira yale bila mfarishi ikawa ndiyo yenye joto kuliko zote mtaani, na kikohozi cha Bi Rumaitha kikatulia. Alikuwa akiuliza kutoka nyuma ya pazia, "Leo bega langu la kushoto ni la nani?" na watu wakawa wanalidai.

Theluji ilipoyeyuka, mfarishi ukaanikwa uani, na watu wakarejea mashambani mwao. Wahbu akamwendea Dirari dukani, akamsogeza pembeni, akamuuliza kwa unyenyekevu kama sasa moyo wake umeridhia ile pamba.

"Hapana," alisema Dirari. "Nikikusamehe, mwakani nitaingia kwa haki gani?"

Yasemwa kwamba aliendelea kuishikilia haki yake hiyo, baridi baada ya baridi, mpaka Bi Rumaitha alipofariki kwa uzee wakamzika, na baada ya hapo akaendelea.

Mwenyezi Mungu awarehemu watu wale. Leo kila mmoja wetu ana blanketi lake, na mlango wake, na komeo lake, wala hatudaiani kitu. Mja yule Wahbu hakuogopa kutazama mkono wake mwenyewe pale ambapo desturi ilikuwa imekwisha kumsafisha, na aliponyimwa msamaha akasubiri bila kuuiba, hata ule unyimi wenyewe ukageuka kuwa udugu. Ee Mola, utupe macho ya kuona tunapoketi ukingoni mwa shuka, na utupe majirani wenye haki kwetu wasiochoka kuja kuidai.