Uwele Uliong'olewa

Ukiamka kesho ukute jirani yako ndiye pekee mwenye shamba la kijani, Januari, jua linachoma, utamwuliza amepandaje, au utamwuliza amefanya nini?

Msinijibu haraka. Kulikuwa na mama mmoja mjane, katika nchi kavu kama hii yetu. Mwaka mmoja mvua ya kwanza ilishuka siku ileile mjomba wake alipofariki. Na kule mwiko unajulikana: maiti ikiwa ndani, jembe haligusi udongo. Watoto wa marehemu walikuwa mjini, wakasubiriwa siku nne.

Mama huyu hakuwa mkaidi. Alilia msibani, akachota maji, akasonga ugali wa wageni. Lakini kwa miaka mitano alikuwa akiisoma mvua, na hakuna chuo kilichompa cheti kwa kazi hiyo. Ile ya zamani, iliyokuja taratibu ikakaa, aliona haipo tena. Siku hizi inapiga mara moja, halafu joto linanyonya ardhi, siku ya tatu udongo umekuwa kigae. Basi mchana, wenzake wakiwa wamekaa turubaini, alitoka na jembe na kibuyu cha mbegu. Akapanda huku anafuta machozi kwa khanga.

Wengine walipanda siku ya tano, kwenye vumbi. Mbegu zao zikawa chakula cha mchwa. Za mama zilikuwa zimeshashika unyevu wa chini. Kufika katikati ya Januari uwele wake ulikuwa magotini, na kijiji kizima hakuna mwingine.

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti, ambaye ni mdogo wa marehemu mume wake, akafungua kwa sala, very official. Yakasemwa mengi: kwamba mvua imefungwa, kwamba aliyeifunga anajulikana, kwamba kuna mtu alimwona akiongea peke yake shambani. Evidence ndiyo hiyo.

"Shemeji," mwenyekiti akasema, "uliingia shambani mjomba wako hajazikwa. Unakataa?"

"Sikatai, shemeji. Mjomba nilijua atanisubiri. Mvua ya siku hizi haisubiri mazishi."

"Kumbe mvua unaijua wewe. Haya, tuambie iko wapi."

Watu wakacheka. Mama akawasihi wamwache avune, kila nyumba ataipa mbegu. Nani amsikilize? Kesi ilishafungwa kabla ya sala. Wakaenda wote wakaung'oa uwele shina kwa shina, wakiimba, ili mbingu ifunguke. Mizizi ilitoka na udongo mbichi. Waliushika kwa vidole vyao, wakaukung'uta, wakaendelea kuimba.

Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha.

"Umeona sasa, shemeji?" mwenyekiti akamwambia.

Ilinyesha siku mbili, kwa fujo, ikabeba udongo wa juu, na kijiji kizima haikukuta shina hata moja la kunywesha. Uwele ule ulikuwa unaisubiri hiyohiyo ukomae. Mwezi wa nane wote walikuwa kwenye foleni ya chakula cha msaada, na yule mama katikati, wamemwachia nafasi mbele na nyuma kama mwenye upele.

Ndugu zangu, mnawasikitikia watu wale? Na sisi? Juzi hapahapa tulimaliza kuomba mvua, tukatoka nje tukaanza kunong'ona: ni wale mabinti wa suruali, ni yule bibi wa macho mekundu. Hadi wasomi wetu, full suti, wanatikisa kichwa. Tunamkamata aliye karibu kwa sababu mkono wetu unamfikia. Joto hili halikuwashwa na jembe la mjane. Limewashwa na makaa na mafuta ya nchi zilizoshiba, mwaka baada ya mwaka, mpaka mvua yetu ikapoteza ratiba.

Kwa hiyo leo simdai mjane toba. Nyie wenye mabomba ya moshi, punguzeni moto wenu, wala si mwaka elfu mbili na hamsini, sasa. Na nyie wakubwa wetu mnaoruka kwenda makongamano mkarudi na vitambulisho shingoni, tunataka malambo yachimbwe na mbegu za muda mfupi zifike kabla ya Novemba. Na mkija, msianzie ofisini. Anzieni kwa kila mwanamke tuliyemng'olea shamba, msimame mbele yake, nasi tukisikia, mumtajie kwa midomo yenu ni nani aliyeiharibu mvua.