Hereni na Kisanduku cha Sauti

Hereni hukaa sikioni, wala haisikii.

Jana mlimwambia mwenzenu Tumpe hivyo kwenye mazoezi ya kwaya, mkacheka, na leo mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Mimi sikucheka. Kaeni, endeleeni kumenya hizo ndizi huku mnanisikiliza, maana methali hiyo chanzo chake ni sebule hii hii mnayoipita kila siku.

Babu yenu, Mzee Angolwisye, Mungu ampumzishe, pombe hakunywa wala sigara hakuvuta. Alichopenda ni sauti. Alikuwa na vyombo vya muziki ambavyo hata wazungu wa kiwanda cha chai alikofanya kazi walikuja kuvitazama, na alichokipenda kuliko vyote ni daki. Daki ni kisanduku kinachokaa kati ya kompyuta na amplifaya. Alikuwa akinieleza kwamba nyimbo zikiwa ndani ya kompyuta ni nambari tu, na daki ndiyo inayozigeuza zikawa sauti ya kusikika. Alikuwa nazo tatu, akizilinganisha usiku na mchana. Ya mwisho iliagizwa Ujerumani. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na mimi niliidarizia kitambaa chake. Mgeni akiingia aliambiwa kwanza asikilize, ndipo aulizwe habari za kwao.

"Sikia hewa kati ya waimbaji," alikuwa akisema. "Sikia hewa!"

Na mimi, na darasa langu la saba, nikajifunza kusema hivyo. Hii ina hewa, ile imebana. Nilitamba nayo mbele ya wanawake wenzangu wa kanisa. Kusema kweli sikuwa nasikia tofauti yoyote. Nilikuwa najua tu kipi ni chetu.

Wakati huo mwalimu wa kwaya alikuwa Subilaga, binti wa Bibi Kissa. Usharika ulikuwa unajiandaa kutimiza miaka mia, na Subilaga alipewa kazi ya kusafisha kwa kompyuta nyimbo za kwaya kutoka kwenye kanda za zamani. Kazi hiyo aliipenda kama roho yake. Kwenye kanda zile alikuwamo baba yake, aliyefariki Subilaga akiwa bado mgongoni. Sauti ya baba yake hakuwa nayo mahali pengine popote.

Lakini daki yake ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, aliinunua mtumba Mbeya mjini. Babu yenu akawaambia wazee wa kanisa kwamba kwa kidude kile binti hawezi kusikia makosa, ataziharibu nyimbo. Wazee wakaamua visikilizwe vyote viwili. Cha Subilaga kikishindwa, kanda zihamie kwa Mzee.

Subilaga akaleta kisanduku chake Jumamosi. Babu yenu akaunganisha nyaya kwenye swichi moja: ukizungusha kushoto inaimba yake, ukizungusha kulia inaimba ya Subilaga. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, nikaona vumbi nyuma ya vyombo. Wageni wanakuja, nyumba yangu ina vumbi! Nikachomoa nyaya, nikafuta, nikazirudisha jinsi nilivyokumbuka.

Baada ya ibada wakaja wazee watatu, na Subilaga nyuma yao. Mvua ilikuwa inapiga bati, tukangoja ipungue. Ilipotulia babu yenu akasimama.

"Tuanze na ya binti yetu," akasema, akazungusha kulia. Wimbo ukaimba. "Mnasikia ilivyobana? Waimbaji kama wamefungiwa kwenye debe."

"Debe kabisa," akasema mmoja wao, Mzee Ambilikile, ambaye sikio lake moja lilikufa tangu utotoni.

"Sasa hii yangu." Akazungusha kushoto.

"Eee! Hapo sasa!"

"Hapo kuna hewa, Baba Ipyana," nikamwambia babu yenu, nikiwa na birika la chai mkononi. "Kipande cha sabuni kitaimba nini mbele ya hii?"

Wazee wakacheka sana. Subilaga akatazama sakafu. Nami nikainama kumimina chai, ndipo macho yangu yakaufuata waya. Waya wa kushoto haukwenda kwenye daki ya Ujerumani. Ulikwenda kwenye kile kidogo. Nilikuwa nimezipishanisha. Ile tuliyoiita debe ilikuwa yetu, na iliyokuwa na hewa ilikuwa ya Subilaga.

Nikanyamaza. Nikamimina chai.

"Usione vibaya, binti," babu yenu akamwambia. "Kanda zilete kesho."

"Ndaga, Baba," akasema Subilaga. Ndiyo asante yetu hiyo, akaitoa akiwa amenyang'anywa. Akapiga magoti nyuma ya meza, akachomoa kisanduku chake, akakaa pale kidogo, kisha akakifunga ndani ya kanga akaondoka.

Wiki ile sala ziliniishia mdomoni. Nilijitetea mbele za Mungu kwamba sikusema uongo, nilinyamaza tu. Lakini Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana, na nilijua siwezi kunyoosha mkono. Alhamisi nikaenda kwao. Nikavaa vizuri, na hereni za dhahabu alizoninunulia babu yenu, maana hata kuomba msamaha nilitaka niende kama mke wa mzee.

Niliwakuta uani, Bibi Kissa anachambua maharage.

"Subilaga," nikasema, "siku ile nyaya zilipishana. Ni mimi niliyezipishanisha nikifuta vumbi."

"Najua, Mama. Niliona nilipokuwa nachomoa."

"Uliona! Mbona hukusema?"

"Nimwaibishe Baba nyumbani kwake, mbele ya wageni wake? Nilikuwa nakungoja wewe, Mama. Niliona kwamba umeona."

Nilitafuta pa kuuweka uso wangu nikapakosa. Bibi Kissa akaweka ungo chini.

"Ndiyo kusema hicho ulichokiita kipande cha sabuni, ndicho ulichokuwa unakisifu?"

"Ndicho, Mama."

Akanyoosha mkono wenye vumbi la maharage, akaishika hereni yangu, akaitikisa kidogo kama mtu anayepima tunda bichi.

"Hereni hukaa sikioni, mwanangu," akasema, "wala haisikii."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, ningepona.

Nikarudi nikamweleza babu yenu. Aliketi mbele ya vyombo vyake. Kisha akafumba macho akaniambia nizungushe swichi kati ya daki zake mwenyewe, ataje ipi ni ipi. Nikaimbisha ile kuukuu kuliko zote. "Hii ndiyo ya Ujerumani," akasema. Nikamwambia afumbue macho. Alipoona, aliifunika daki kwa kitambaa changu kama anavyofunikwa maiti.

Kesho yake alizibeba kanda mwenyewe mpaka kwa Subilaga. Jumapili akasimama kanisani akasema amemhukumu binti wa watu bila haki, na masikio yake yamemdanganya. Ya nyaya hakuyataja. Jina langu hakulitaja. Nami niliketi upande wa wanawake, kitambaa nimekivuta mpaka kwenye nyusi, nikanyamaza mara ya pili.

Bibi Kissa aliisema methali ile kwenye kikundi cha akina mama, bila kusema ni sikio la nani. Watu wakajijazia. Wakasema ni la Mzee Angolwisye na madaki yake. Watoto walimwimbia njiani akitoka kiwandani, naye aliwapungia mkono. Alizikwa nayo, wanangu. Miaka kumi na minne nilikuwa na mdomo wa kumtetea, na sikuutumia.

Kwa hiyo mkiisema tena, msimtaje babu yenu. Yeye hakuvaa hereni maisha yake yote. Sogeeni hapa mwangani, mtazame sikio langu. Tundu lenyewe ni hili.

Hereni hukaa sikioni, wala haisikii.