Kwa Nini Chura Huanza Maisha na Mkia

Mwalimu wenu amewachorea duara ubaoni, nimeliona kwenye daftari la mwenzenu Limi. Yai, mshale, kiluwiluwi, mshale, kiluwiluwi mwenye miguu, mshale, chura, na mshale wa mwisho unarudi kwenye yai. Sina ugomvi naye, duara lake ni sahihi. Lakini mshale hauumwi njaa wala haujui ubishi, na mtu akiitazama ile picha anaweza kudhani chura aligawiwa miguu kama watoto wanavyogawiwa pipi kwenye sherehe. Hakugawiwa. Aliichukua mwenyewe, na aliyetaka kumzuia alikuwa mkubwa wa bwawa zima. Basi endeleeni kuamia ndege, pigeni hayo madebe wakitua kwenye mpunga, ila masikio niachieni mimi.

Kabla bonde hili halijakatwa majaruba ya mpunga, maji na nchi kavu vilikuwa havisalimiani. Aliyezaliwa majini alifia majini, na aliyezaliwa juu hakuloweka hata kidole. Chura wakati huo alikuwa wa nchi kavu moja kwa moja. Alizaa watoto wadogo, kila mmoja sawa na ukucha wangu huu, wamekamilika, miguu minne na mkia hakuna, akawaficha chini ya majani yenye unyevu. Shida ilikuwa jua. Ngozi ya chura haina magamba wala manyoya, na kiangazi kikiingia majani yale yalikauka na watoto wakakauka nayo. Uzazi wa kwanza walikufa wote. Wa pili wakafa wote. Baada ya uzazi wa tatu Mama Chura hakulia tena. Alikuwa amekasirika. Tumbo lilipojaa kwa mara ya nne, watoto wakiwa bado mayai, aliruka mpaka ukingoni mwa bwawa akamwita Jumbe Kambare, aliyekuwa akitawala pale.

Kambare alijitokeza taratibu, sharubu kwanza, halafu ule mdomo wake mpana.

"Shikamoo, Jumbe," alisema Mama Chura.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Naomba maji ya pembeni, pale penye matete. Watoto wangu wanauawa na jua."

"Maji nitakupa," Kambare alisema. "Ila desturi yetu unaijua. Anayekula chakula cha bwawa ni wa bwawa. Nitawapa mkia wa kuogelea na matamvua ya kupumulia majini, nao watakula ukoga wa mawe yangu. Wewe ubaki huko juu, na usije kesho ukasema nimekuibia."

"Na wakitaka kutoka?"

"Hakuna aliyewahi kutaka."

"Mimi nimeuliza, wakitaka?"

Kambare akacheka. "Atakayetaka aje mbele yangu hana mkia wangu, hana matamvua yangu, na tumboni hana chakula changu. Hapo nitampisha." Alisema hivyo kwa sababu alijua kiumbe wa namna hiyo, hana cha kuogelea, hana cha kupumulia, hana alichokula, ni maiti tu. Wakubwa wengi hutoa ruhusa za aina hiyo.

Mama Chura alikubali. Msimlaumu; yeye alikuwa amezika watoto mara tatu. Lakini hakuwaingiza majini uchi. Kila yai, lile doa jeusi mnaloliona, alilifunika kwa ute wa mwili wake mwenyewe, mzito na wa kuteleza, ili kitu cha kwanza watakachogusa kiwe cha mama yao. Kisha akainama juu ya yale mayai, akasema nao kabla hawajaanguliwa. "Nyinyi ni wa nchi kavu. Miguu mnayo, ila haijaonekana."

Walianguliwa wamejaa mkia. Siku za kwanza walishikilia majani kwa midomo na kula mabaki ya ule ute, matamvua yao yakining'inia nje shingoni. Baadaye ngozi ikayafunika matamvua, na midomo ikapata nguvu ya kukwangua. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kutwa nzima walisugua ukoga wa kijani kwenye mawe ya Kambare, na kila asubuhi Kambare alipita kukagua, akaridhika. Mawe yalikuwa hayajawahi kung'aa vile. Viluwiluwi wakanenepa, mikia ikawa mizuri, na wengi wao wakasahau waliyoambiwa ndani ya mayai.

Mmoja hakusahau, naye ni Kalunde. Sijui kwa nini yeye. Kila uzao huwa na mmoja wa namna hiyo, na hata kati yenu yumo, simtaji. Mama Chura alikuwa akija ukingoni kila siku na kukaa tu, aonekane. Kalunde alikuwa akisogea mpaka maji yanapoishia, akaitazama miguu ile minne. Siku moja alimwendea Kambare akamuuliza waziwazi miguu yake iko wapi.

"Una mkia mzuri kuliko ndugu zako wote," Kambare alimjibu. "Miguu ya nini?" Na hapohapo akatangaza kwamba kiluwiluwi yeyote atakayeonekana na mguu atamezwa.

Kalunde akaotesha ya nyuma kwanza. Kambare alikagua nyuso, hakuwahi kukagua makalio, na miguu ile midogo ilijikunja pale mkia unapoanzia, isionekane ila kwa mtu mwenye umbea. Perege ndiye aliyeiona.

"Shoga, una nini huko nyuma?"

"Mapele," alisema Kalunde, akaondoka zake.

Ya mbele ilikuwa hatari zaidi, maana ingetokea machoni pa Kambare. Aliiotesha ndani kwa ndani, chini ya ngozi iliyofunika matamvua, viwiko vimekunjwa. Pia alijifunza kupumua. Alipanda juu, akameza hewa funda moja, akashuka kifua kikimuwaka, kisha akapanda tena. Kambare alipomuuliza anafanya nini huko juu, alimwambia anaangalia kama mvua itanyesha. Ndugu zake wakaona, wakaanza mmoja mmoja kukumbuka, na pale kwenye matete mapele yakazidi.

Siku alipokuwa tayari alikwenda mbele ya Kambare, bwawa zima likimsikia, akasema, "Kuanzia leo sili chakula chako."

"Njaa itakufundisha," alisema Kambare. Akaagiza aletewe ukoga laini kuliko wote, uwekwe mbele ya mdomo wake. Kalunde akaupa kisogo. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu hakula, na mwili ukaanza kumtetemeka. Ndugu zake walikaa mbali kidogo, wakimtazama kuona atakufa au hatakufa, maana na wao hatima yao ilikuwa pale.

Aliyeshindwa kwanza alikuwa mama yake. "Kula, mwanangu," alisema kutoka ukingoni. "Kula ubaki naye. Bora uwe wake ukiwa hai. Mimi nitakuwa nakuja kukuona."

Kalunde aliumia kuliko alivyoumizwa na njaa. Akasema, "Mama, kama umekuja kunivunja moyo, ondoka hapo. Kama umekuja kuningoja, kaa."

Mama Chura akakaa.

Usiku na mchana njaa ilimzunguka Kalunde ndani ya mwili ikitafuta chochote, mpaka ikaukuta mkia. Mkia ulikuwa umenona. Mwili ukaanza kuula kutoka ndani, polepole, na tetemeko likapungua. Siku ya nne ulikuwa mfupi. Siku ya tano mfupi zaidi, na Kambare, aliyekuwa akingoja maiti, akamkuta amesimama kwenye jiwe, macho yamemtoka.

"Mkia wangu unakwenda wapi?"

"Naula."

"Huo ni mali yangu."

"Uliupa jina lako tu," alisema Kalunde. "Niliuotesha mimi, kwa kusugua mawe yako toka asubuhi mpaka jioni. Mawe yanang'aa, yatazame. Mimi na wewe tumemalizana."

"Na matamvua?"

"Sijayatumia tangu juzi."

Kambare alitazama huku na huku. Viluwiluwi wote walikuwa wameacha kukwangua. Wengine walikuwa wamegeuka makusudi ili miguu ya nyuma ionekane. Na yeye ndiye aliyesema kwa mdomo wake kwamba atapisha, lakini wakubwa wa namna ile hawapishi. Alimrukia, mdomo wazi.

Hapo ngozi ya shavuni ikapasuka. Kiwiko kimoja kikatoka, kisha cha pili, na kiganja kikalishika jiwe. Ile miguu ya nyuma aliyoiita mapele ikakunjuka yote kwa pamoja, na kumbe ilikuwa mirefu. Mdomo wa Kambare ulifunga juu ya maji matupu. Kalunde alikuwa ameshaanguka kwenye matope, ubavuni mwa mama yake, na kisiki cha mkia bado kiko nyuma. Mama yake alimshika uso na kuutazama, maana hakuwahi kuuona bila maji katikati yao. Kisha wote wawili wakageuka kulitazama bwawa, na pale penye matete vichwa vikaanza kutokeza.

Mvua zilizofuata Kalunde alirudi, kisiki kimekwisha zamani, tumbo limejaa mayai. Kambare akamuuliza amekuja kuomba nini. "Siombi," alisema, akataga mbele yake, yai baada ya yai, mpaka yakaisha.

Na tangu siku hiyo kila chura hupita njia ile. Huwa yai lenye ute, huwa kiluwiluwi wa mkia, hutoa miguu ya nyuma, huficha ya mbele mpaka saa yake ifike, na kabla ya kutoka hufunga kula na kuumaliza mkia wake mwenyewe. Kambare hajasamehe. Anawameza wengi, nanyi msidhani bwawa lilipata huruma. Wanaofika ukingoni ni wachache. Kwa hiyo mkitembea kwenye tuta la jaruba mkamkuta mmoja mdogo, ana kisiki cha mkia, amekonda, anatetemeka, msimwonee huruma mkamchota kwa viganja na kumrudisha majini mkidhani mnamwokoa. Huko ndiko alikotoka. Mpisheni.