Nguzo za Udongo Mweupe

Leo nawaletea mchimbaji mmoja wa bonde la jangwani, kule ambako mto ni mchanga mtupu mpaka mvua ya milimani iamue vingine. Kwenye kingo za mto ule mna udongo mweupe, mwepesi kama unga, ambao viwanda huununua kuchujia mafuta na sukari. Huchimbwa kwa mahandaki, na sheria ya wachimbaji ni moja: kila hatua kumi, acha nguzo ya udongo uleule ishikilie paa.

Sasa, ndani kabisa kuna joto na giza. Nguzo za mwanzo ziko karibu na mlango, tena ni nyeupe kuliko kwingine kote. Gunia likipelea, bwana huyu alizikwangua. Kidogo tu, jamani! Leo kidogo, kesho kidogo.

Na hofu? Alikuwa nayo tele. Vumbi likimdondokea shingoni, moyo ulimruka. Aliyechimba kule ndani kabisa alikuwa shemeji yake, na mkewe alishamwambia wazi, "Baba watoto, nimekukabidhi ndugu yangu wa pekee. Nirudishie mzima." Basi kila asubuhi alipiga magoti mlangoni: "Ee Mungu, shikilia paa hili." Kisha huinuka, huingia, hukwangua.

Asubuhi moja shemeji aliiona nguzo iliyokonda kiunoni. Akatoka nje akasema, "Shemeji, leo naomba mimi." Akafumba macho. "Ee Mungu, paa hili umelishikilia siku zote. Sasa mshike shemeji yangu mkono."

"Unanisema kwa Mungu?" mwenzake akafoka. "Mimi ndiye ninayeliombea paa hili kila siku!"

"Unaliombea, shemeji. Na nani analikata miguu?"

Kabla hajajibu, handaki likaguna, likashuka lote. Vumbi jeupe likawafunika wote wawili pale nje, wazima, yule mwombaji wa kila siku akiwa bado ameacha mdomo wazi.

Mnacheka? Na sisi je? Tunaombea ndoa zidumu, tukifika nyumbani tunamkwangua mwenzetu kwa ulimi. Tunaombea watoto wawe wakweli, halafu mtu akibisha hodi tunawatuma wakaseme, "Baba hayupo." Kidogo tu, siyo?

Ndugu yangu unayekesha ukitetemeka, ukimsihi Mungu asiiangushe nyumba yako, nisikilize. Mungu haiangushi. Ni wewe.