Risasi Kumi na Nne za Gurudumu Moja

Ng'oa ya jana ndipo upime ya leo. Mmemsikia mama yenu mdogo akiwatupia maneno hayo wale ndugu wawili waliokuwa wakisuluhishwa sebuleni, nanyi mkadhani ni methali ya mababu waliovaa ngozi. Sivyo. Umri wake hauufikii hata wa kiti nilichokalia. Haikuzaliwa shambani wala mawindoni. Ilizaliwa Makambako, kwenye karakana ya magurudumu, chini ya bati lenye matundu, na mambo yalikuwa hivi.

Pale njia panda, barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya, palikuwa na fundi aitwaye Ambilikile. Kazi yake ilikuwa moja tu, kubalansi magurudumu. Gurudumu, hata likiwa jipya kiasi gani, lina upande mzito na upande mwepesi, na likikimbia hivyo hivyo, usukani hutetemeka kama mtu mwenye homa. Basi fundi hulifunga kwenye mashine, mashine hulizungusha na kumwonyesha palipo pepesi, naye hubandika hapo, upande wa ndani wa rimu, vipande vidogo vya madini ya risasi vyenye gundi mgongoni, mpaka mashine isome sifuri. Mji mzima mashine ya namna hiyo ilikuwa ya Ambilikile peke yake. Watu walisema akilipapasa gurudumu kwa kiganja huwezi kumficha lilipolala jana.

Lakini karakana yake ilikuwa na mwiko. Mafundi wengine, gurudumu likija, kwanza hung'oa risasi za zamani kwa patasi na nyundo, kisha ndipo hupima. Ambilikile hakung'oa. Alipima za zamani zikiwa humo humo, akabandika mpya kando yake. Mashine haikumuuliza swali, ilisoma sifuri. Wateja wakafurahi kwa sababu rimu zao hazikukwaruzwa, wakamsifu kwamba ana mkono wa mkunga. Hakuna aliyejua mwiko ule ulitoka wapi. Ulitoka kwa shemeji yake.

Shemeji huyo ni Lutengano, seremala wa vitanda na majeneza, mume wa Tupokigwe, dada yake Ambilikile. Zamani walishibana. Wakikutana asubuhi, "kamwene" zao za kusalimiana zilikuwa ndefu hata chai ikapoa ikapashwa tena. Kisha Lutengano akanunua gari, lenye rimu za spoti zilizong'aa hivi kwamba jogoo mmoja wa jirani alijiona humo akapigana na rimu kutwa nzima, na jioni akakubali kushindwa. Lutengano akalipeleka gari kwa shemeji. Ambilikile akachukua patasi ang'oe risasi za kiwandani, patasi ikateleza, ikaacha mchoro mrefu kama kidole kwenye rimu.

Lutengano akasema mbele ya wateja, "Shoka langu lina huruma kuliko mkono wako."

Na Ambilikile, aibu ikiwa imempanda kichwani, akajibu, "Kelele za nini? Gari lenyewe limenunuliwa na majeneza. Waliolilipia hawawezi kulalamika."

Wateja walicheka. Lutengano hakucheka. Mwezi ule ule alikuwa amemchongea mama yake jeneza, kwa mikono yake mwenyewe, na Ambilikile alikuwapo, alishika ubao upande wa pili.

Neno likishatoka halina pa kurudi. Tangu siku hiyo Ambilikile aliitupa patasi juu ya dari. Na tangu siku hiyo neno "shemeji" lilikatika. Lakini mashine ni moja mjini, na magurudumu hayajui watu wamekosana. Kwa miaka sita Lutengano alikuja, akabaki ndani ya gari na kioo kimeshushwa nusu.

"Fundi, magurudumu."

"Saa moja, mteja."

Basi. Katikati yao Tupokigwe alihangaika kama mtu anayevusha maji kwa kikapu, akimpelekea huyu salamu ambazo yule hakuzituma.

Mwaka wa sita Tupokigwe akaanguka kutoka kwenye ngazi akichuma maparachichi. Akaumia uti wa mgongo, akapasuliwa katika hospitali kubwa ya mbali, mwendo wa saa tatu kwa gari. Baada ya wiki saba daktari akamwambia Lutengano, "Mkeo anaweza kurudi nyumbani kesho mchana. Alale kiti cha nyuma. Barabara ni lami nzuri, sina wasiwasi nayo. Nina wasiwasi na gari. Lisimtetemeshe, maana kila mtetemo kwake ni sindano."

Lutengano akalifikiria gari lake, ambalo likivuka mwendo wa sitini funguo zilianza kuimba. Alfajiri akawa mlangoni kwa Ambilikile. Safari hii alishuka.

"Fundi," akasema, "mgonjwa anatoka leo. Gari lisitikisike hata kidogo."

Ambilikile alijua mgonjwa ni nani. Alikuwa ameenda kumwona mara mbili, akivizia siku ambazo Lutengano hayupo. Akaitikia kwa kichwa, akayafungua magurudumu yote manne, akayapima kwa makini kuliko siku zote. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Lutengano akaweka beseni la maji kwenye kiti cha nyuma, pale mkewe atakapolala, akaendesha mpaka kwenye mizani ya malori na kurudi. Maji yalikuwa nusu, na kiti kimelowa.

Ambilikile akapima tena. Gurudumu la mbele kulia, ambalo punde lilisoma sifuri, sasa lilisoma gramu thelathini. Akabandika. Sifuri. Lutengano akajaza beseni, akaenda, akarudi. Robo ya maji. Gurudumu lile lile, safari hii gramu ishirini na tano. Akabandika tena huku jasho likimtoka. Mara ya tatu Lutengano alirudi na beseni tupu amelishika mkononi, akaliweka chini taratibu, mbele ya miguu ya Ambilikile.

"Saa mbili asubuhi sasa," akasema. "Saa nne lazima niwe njiani. Nikuulize, nawe unijibu. Ni mimi unayenikomoa?"

"Sikukomoi."

"Maana aliyelala kule ni dada yako. Mimi nichukie, ni haki yako. Ila yeye usimtetemeshe kwa ajili yangu."

Ambilikile aliliendea gurudumu. Alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya rimu, upande ambao macho hayafiki vizuri. Vidole vyake vikasoma. Risasi mpya, risasi mpya, halafu risasi kuukuu, ngumu kama kidonda kilichokauka, nyingine juu yake, nyingine ubavuni. Halafu mahali patatu palipo na ute wa gundi mkavu, bila risasi. Akaelewa, na alipoelewa alikaa chini kabisa kwenye vumbi.

Gundi ya zamani ilikuwa imekufa. Gari likisimama, risasi zile kongwe zilijishikilia. Likienda na breki zikipata moto, moja ilidondoka barabarani, na risasi mpya iliyowekwa kuisawazisha ikabaki inavuta peke yake. Kila alipopima upya, alipima juu ya kitu kinachosubiri kudondoka.

"Si wewe," akasema. "Wala si gari. Ni mimi. Sing'oi za zamani."

"Hung'oi? Fundi gani asiyeng'oa?"

"Tangu siku ile ya patasi. Niliapa chuma changu hakitaikwaruza tena rimu ya mtu. Humu ndani zimo zangu zote za miaka sita."

Lutengano alimtazama. Alikuja na hasira ya kumtosha mtu mpaka Songea, sasa hakujua aishushe wapi. "Miaka sita," akasema, "kwa sababu ya mchoro wa kidole?"

"Mchoro ndio ulioonekana."

Kisha Lutengano akaenda kwenye buti la gari. Akarudi na mashine yake ya umeme ya mkononi, ile ambayo kichwa chake hakizunguki, hutikisika upande kwa upande, haraka haraka, kama mkia wa mbuzi anyonyaye. Huichomekea wembe akakatia mbao kwenye kona.

"Wembe wa chuma utachora," akasema, akiutoa. "Mbao itavunjika. Tunataka kitu kigumu kisichokuwa na chuki na rimu."

Walikitafuta kwa macho wote wawili, na wote wawili macho yakatua mahali pamoja, ng'ambo ya barabara, kwa mchinjaji, ambapo pembe za ng'ombe zilikuwa zimerundikwa. Ambilikile alivuka mbio. Alirudi na pembe ya fahali ambaye, wanavyosimulia Makambako, alikuwa mkaidi hata alipokufa iliwabidi wamwambie mara mbili. Ambilikile akaikata kwa msumeno, akaichonga kwa tupa ikawa bapa, nyembamba mbele kama ulimi. Lutengano akatoboa tundu nyuma, akaifunga kwenye kichwa cha mashine kwa nati moja.

Hapo wakasimama. Hakuna aliyetaka kuanza. Rimu ni ya Lutengano, mkono ni wa Ambilikile.

"Shika," akasema Lutengano.

"Shika wewe, ni mashine yako."

"Mimi ni mtu wa mbao. Shika, usiku usitukute hapa."

Ambilikile akashika. Ulimi wa pembe ukaanza kutikisika, ukanuka kama nywele zinazoungua, ukaingia chini ya risasi ya kwanza. Ilitoka kama ganda la kidonda kilichopona, ikaanguka ndani ya beseni, ting. Lutengano akapitisha kidole pale ilipotoka. Hapakuwa na mchoro.

"Endelea," akasema.

Ting. "Hii uliniwekea lini?"

"Ulipotoka Songea kwenye harusi. Ulikaa ndani ya gari, mvua inanyesha, hukutaka kuingia hata barazani."

"Nilitaka. Hukunikaribisha."

Ting. "Na hii?"

"Mwaka jana. Tupokigwe alikuja nawe. Akashuka kunisalimia, ukampigia honi."

"Nilipiga honi," akakiri Lutengano. "Kumbe unakumbuka."

Risasi zikadondoka moja baada ya nyingine, kumi na nne gurudumu lile moja tu. Ya mwisho kabisa, nyeusi kuliko zote, ilikuwa kando ya mchoro wa patasi. Ambilikile alizima mashine kabla ya kuigusa.

"Mama yako," akasema bila kuinua uso, "alinilisha ugali wakati hata wewe sijakujua. Nilishika ubao ule. Halafu nikasema niliyoyasema, watu wacheke. Nisamehe, shemeji."

Lutengano alijipangusa uso kwa kiganja chenye vumbi la mbao, kwa hiyo kama yalikuwepo machozi tusiyahesabu. "Nilikuwa nayangoja mpaka nikasahau nangoja nini," akasema. "Nami nilikuaibisha mbele ya wateja wako. Sasa washa mashine. Dada yako ananisubiri."

Ting.

Gurudumu likiwa uchi, Ambilikile alilipima. Lilihitaji kipande kimoja tu, gramu tano, kidogo kama ukucha wa mtoto. Ule uzito mwingine wote ulikuwa unashindana wenyewe kwa wenyewe. Walifanya na mengine matatu, huyu aking'oa, yule akifuta gundi kwa kitambaa cha petroli. Saa nne kasoro Lutengano akajaza beseni pomoni, akaenda mizani na kurudi. Halikumwagika hata tone. Wapo wanaoapa kwamba nzi alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni, na walipofungua mlango walimkuta amelala. Hilo mimi siliapii, lakini silikanushi.

Ambilikile akafunga karakana, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya siku ya kazi, akapanda mbele kando ya shemeji yake.

Tupokigwe alisinzia kutoka getini kwa hospitali mpaka njia panda. Alipofumbua macho aliwaona vichwa vyao viwili pamoja kiti cha mbele, akayafumba tena, akidhani dawa bado inamlevya. Ilibidi aguswe.

Jioni, akiwa amelazwa kwenye kitanda chake mwenyewe, wakamletea ule ulimi wa pembe na zile risasi kumi na nne ndani ya kopo. Ambilikile akaanza kumweleza jinsi alivyobuni kifaa kile. Lutengano akamkatiza: kifaa ni chake, mashine yake, tundu lake. Ambilikile akasema pembe nani aliifuata. Lutengano akasema wewe si ndiye uliyeitupa patasi juu ya dari. Sauti zikaanza kupanda, na neno la zamani likaanza kuchungulia mlangoni.

Tupokigwe, ambaye hakuruhusiwa kugeuza hata shingo, alinyoosha mkono akalitikisa lile kopo. Risasi zikalia. Wote wawili wakanyamaza.

"Mmesema wenyewe," akawaambia. "Gurudumu lilikataa kwa sababu mlipima juu ya mabaki. Sasa mnaanza tena? Ng'oeni ya jana ndipo mpime ya leo."

Lutengano alicheka wa kwanza. Ambilikile akafuata. Kopo lile lilibaki dirishani kwa Tupokigwe, na wawili wale wakianza kupandishiana alilitikisa tu, bila kusema. Majirani wakasikia, wakauliza, wakachukua. Madereva wa malori wakayabeba maneno yake hadi Mbeya na Songea, na ulimi wa pembe ukaigwa kila karakana, ingawa wengi huko hawajui ulichongwa kwa ajili ya mgongo wa nani.

Kwa hiyo mama yenu mdogo alipowaambia wale ndugu maneno yale, hakuwa anazungumzia magari. Alikuwa ameona kila mmoja amekuja na mizani ya kumpimia mwenzake, ilhali ndani ya rimu kumejaa vya miaka. Ng'oa ya jana, ndipo upime ya leo.