Chai ya Siku ya Ukaguzi

Alikuwako Bi Mwanamvua, mgonjwa wa goti, yeye na wenziwe wodini wakilala juu ya chuma kitupu. Siku ya ukaguzi, Daktari Mkuu Mhina akaazima dukani magodoro mapya ishirini.

"Bibi, wakaguzi wakiuliza, sema mnalala hivi siku zote. Na mtu asishuke kitandani mpaka waondoke. Jioni nayarudisha."

"Nitasema, baba. Lakini nailoni hii ya magodoro inalia kwarakwara. Si watajua ni mapya?"

Daktari akaichana yote kwa mikono yake.

"Na nyuso zetu hizi za njaa? Tupe chai angalau."

"Vikombe vingapi?"

"Birika moja kila kitanda, mwanangu. Na tikitimaji."

Vikaletwa. Wakaguzi wakaja, wakabonyeza magodoro, wakasifu, wakatoa cheti, wakaenda zao.

Jioni mwenye duka akaja na lori. Akashika godoro la kwanza, akaruka. Akashika la pili, akanusa mkono.

"Daktari! Yote yameloa! Siyachukui, ni yako haya!"

Daktari akageuka. "Bibi! Wodi nzima?"

"Tulibanwa, baba. Si ulisema mtu asishuke kitandani?"

Kisa changu kimekauka hapo. Magodoro yalikauka kesho yake.